Siku kumi na mbili Karonga: daftari la mhazini wa msafara

Wiki tatu zimepita tangu turudi. Kila Jumapili baada ya ibada mtu ananishika mkono, "Mama Mhazini, hebu tusimulie ya Malawi," na kabla sijafika hata Chalinze anatokea mwingine na kadi ya mchango wa harusi. Basi nimekaa na daftari langu la matumizi, pamoja na picha za kijana wetu wa kamera, nimeyapanga siku kwa siku. Nusu ya daftari niliiandika ndani ya gari linalotembea, kwa hiyo kuna mahali 1 na 7 zimefanana. Hapo nimekisia kwa kutumia risiti.

Tulikuwa saba kutoka usharika wetu wa Kimara: Mchungaji, Fundi, muuguzi mstaafu tunayemwita Bibi Nesi, wanakwaya wawili, kijana wa kamera, na mimi mwenye mfuko wa fedha. Tulialikwa na kanisa dogo la kijijini kaskazini mwa Malawi, wilaya ya Karonga, ukanda wa mpunga wa Kaporo. Kijiji sitakitaja jina, maana watu wake hawakuniomba niwaandike. Barua ya mwaliko ilisema uinjilisti, semina ya akina mama, kutembelea wagonjwa, na "kusaidia suala la maji". Hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Kwangu Kimara bomba hutoa maji mara mbili kwa wiki, siku nyingine tunangoja boza na ndoo zetu. Nikajiona mtaalamu wa shida ya maji.

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Mbezi hadi Tukuyu

Saa 10 alfajiri tulikuwa stendi ya Magufuli. Nauli 60,000 kwa kichwa. Mizigo ndiyo iliyotuchelewesha: tulikuwa na marobota matatu ya nguo zilizochangwa na waumini, na konda alitaka 30,000 kwa kila robota. Mchungaji alianza kumweleza kazi ya Bwana. Nilimwomba anipishe, nikapatana mwenyewe, tukamalizana kwa 50,000 yote matatu. Shikeni hiyo hesabu ya marobota, itarudi.

Chalinze hadi Morogoro nililala. Mikumi tuliona tembo wawili na kundi la nyani lililokaa kando ya lami kama linasubiri gari. Ruaha Mbuyuni basi lilisimama, wauza vitunguu wakajaa madirishani, na Bibi Nesi akanunua kikapu kizima. Tukamcheka. Vitunguu vya Ruaha mtu hununua akirudi nyumbani, nani ananunua akienda? Akajibu kwamba yeye hafiki kwa watu mikono mitupu. Tukamkumbusha kuna marobota matatu chini ya basi. "Hayo ni ya usharika," alisema. "Hivi ni vyangu."

Kitonga ndipo siku ilipoharibika. Lori lilikuwa limekufa kwenye kona, magari yamejipanga juu na chini. Kwa muda wa saa mbili na dakika kumi hatukusogea. Watu walishuka, watoto wakaanza kulia, mama mmoja akapita na beseni la mahindi ya kuchemsha, 500 kwa hindi. Nyuma yetu alikuwapo dereva wa lori la kwenda Zambia, kafungua kile kisanduku cha jiko kilicho ubavuni mwa tela, kachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria nyeusi tii. Aliona Bibi Nesi amekaa juu ya jiwe, akamletea kikombe, kisha akamimina kwa sisi sote, kikombe kimoja kikizunguka. Nilipotoa elfu tano alicheka. "Mama, chai ya Kitonga haiuzwi." Hatukujuana majina.

Mafinga na Makambako tulizipita gizani. Tukuyu tuliingia saa 6 usiku, mvua ya manyunyu, baridi inauma mifupa. Gesti 20,000 chumba, tukalala wawiliwawili.

Kwa atakayefuata: chukua sweta hata kama unakokwenda ni joto, maana Agosti ya Tukuyu haina utani na mtu wa Dar. Na basi likisimama watu "wachimbe dawa", shuka ukachimbe hata kama hujisikii. Kituo kinachofuata anakijua dereva peke yake.

Jumanne, 13 Agosti. Mpakani

Asubuhi tulikunywa chai na ndizi za kuchemsha, 2,500 kila mtu, tukiangalia ukungu unavyopanda migomba. Mchungaji akatupa historia ambayo wengi wetu hatukuijua. Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, lakini hawakutokea Dar es Salaam. Walikuja kwa njia ya maji: Zambezi, mto Shire, kisha ziwa lote kutoka kusini, wakashukia upande wa Karonga. Maana yake Injili ya Tukuyu ilipitia kule kule tulikokuwa tunakwenda kuipeleka. Fundi, ambaye ni Mnyakyusa wa Rungwe, alisema basi tunarudisha mzigo kwa mwenyewe. Mchungaji hakucheka sana.

Hiace hadi Kasumulu, 5,000. Njia inateremka kwa kasi: chai, migomba, halafu joto la Kyela linakupiga usoni, na kakao imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Mpakani vijana wa kubadilisha fedha walitufuata mpaka mlangoni pa Uhamiaji. Mtaani kwacha ilikuwa inakaribiana sana na shilingi yetu, benki walikuwa na bei nyingine kabisa. Mahali pa kubadilisha sitakuelekeza. Nitakachosema ni kwamba popote utakapobadilisha, hesabu mwenyewe, polepole, na usikubali mtu "akusaidie" kuzihesabu.

Mtanzania haombi viza kwenda Malawi, paspoti iligongwa muhuri kwa dakika chache. Kadi ya homa ya manjano ndiyo iliyotutoa jasho. Kijana wa kamera alikuwa ameiweka yake ndani ya robota, "isipotee". Tukalifungua robota mbele ya foleni nzima, suruali na magauni ya watu wa Kimara yakamwagika sakafuni, abiria wanatoa ushauri. Kadi ilikuwa chini kabisa, ndani ya kiatu.

Halafu forodha. Ofisa alikuwa mpole, na kwa haki kabisa alikuwa sahihi: barua ya kanisa si msamaha wa kodi. Nguo za msaada zinahitaji kibali kilichoombwa mapema na wenyeji wetu wa upande wa Malawi, na hakuna aliyekiomba kwa sababu hakuna aliyejua. Tukabembeleza hadi mchana. Mwisho marobota yote matatu yakaingia ghala la wakala mmoja wa mizigo, nami nikapewa risiti. Kikapu cha vitunguu ofisa alikitazama, akauliza kama ni cha kuuza. Bibi Nesi akamwambia ni cha kula. Akatupungia mkono tupite.

Ukivuka daraja la Songwe, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Na kumbuka wenzetu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia mapambazuko. Akikwambia kwa Kiingereza ibada ni "nane na nusu" anamaanisha asubuhi, ambayo kwetu ni saa 3 na nusu kwa saa ya Dar. Jambo hili lilitutia aibu baadaye.

Teksi ya kuchangia hadi njia panda yetu ilikuwa kwacha 5,000, watu saba ndani ya gari la watu watano. Kutoka hapo tulipanda kabaza, yaani bodaboda, ila hizi zilikuwa za baiskeli, na kiti cha nyuma kimewekwa sponji na kushonewa kitambaa. Kijana aliyenibeba alinisikia nikilalamika kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili safi. Aliwahi kubeba mizigo Kariakoo miaka miwili, mtaa wa Msimbazi. Alinitajia mgahawa wa mihogo ninaoujua. Nikamlipa zaidi ya tuliyokubaliana, na hilo nililiandika chini ya "mengineyo".

Jumatano, 14 Agosti. Mjigo uliofungwa kitambaa

Mwinjilisti wa pale alitupokea na mikeka chini ya mwembe, wazee wakaja, mfumu, yaani chifu wa kijiji, akaja, tukasalimiana hadi magoti yakaisha. Fundi ndiye aliyekuwa mfalme wa siku ile. Kyangonde, lugha ya pale, na Kinyakyusa ni watoto wa tumbo moja, kwa hiyo aliongea na kila mtu, akacheka na kila mtu, sisi wengine tukabaki na "ndaga", asante, neno ambalo Dar tunalijua kwa mizaha tu.

Ziwa linaonekana kwa mbali kutoka kanisani. Sisi tunaliita Nyasa, wao Malawi, na serikali zetu bado hazijaelewana mpaka upite wapi, ubishi ulioachwa na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Kijiji kilitumia busara. Wote tulisema "ziwa".

Jioni tulipelekwa kwenye mjigo, ndivyo wanavyoita kisima cha pampu ya mkono. Mpini ulikuwa umenyanyuliwa na kufungwa kwa kipande cha kitenge ili watoto wasichezee. Tangu Aprili haujatoa tone. Wanawake walikuwa wanachota kwenye mashimo waliyochimba mtoni, mwendo wa dakika arobaini kwenda, zaidi kurudi, maana ndoo imejaa. Nilikwenda nao alfajiri ya kesho yake. Nilibeba ndoo ya lita kumi, wao ishirini. Ya kwangu ilifika nusu. Yale niliyojiona nayajua kuhusu maji niliyaacha kule mtoni.

Alhamisi, 15 Agosti. Spana iliyokuwa darini

Fundi ni fundi kweli. Visima vingi vya umeme vya Goba na Madale vimepita mikononi mwake. Lakini pampu hii, aina ya Afridev, hakuwahi kuifungua. Alizunguka na begi lake la vifaa kama daktari aliyeletewa ng'ombe. Akatoa spana ya kwanza, haikuingia. Ya pili, haikuingia. Akaanza kusema habari ya kung'oa mabomba yote juu, tukodi winchi mjini.

Mama mmoja aliyekuwa anatazama, mtoto mgongoni, akaondoka bila kusema neno. Akarudi na kitu kimeviringishwa kwenye kitenge. Ilikuwa spana, yenyewe hasa, imepakwa mafuta, imetunzwa darini kwake tangu siku waliyofundishwa. Alifungua kifuniko kwa mizunguko michache, akachomoa kijiti cha mpini, wenzake wawili wakashika, wakaanza kuvuta fito za chuma kutoka kisimani moja baada ya nyingine, huku mabomba ya plastiki yamebaki pale pale ardhini.

Kumbe pampu hii ilibuniwa hivyo makusudi, miaka ya 1980, ikajaribiwa huku Malawi na Kenya, kwa wazo kwamba wanakijiji waitengeneze wenyewe bila kungoja gari la mkoa. Spana moja inatosha kwa karibu kila kitu. Pistoni inapita ndani ya bomba, kwa hiyo huhitaji kung'oa chochote kizito. Kinachochakaa ni vitu vidogo: mpira wa pistoni, vali mbili ndogo za plastiki, na bushi za mpini. Fundi alikaa chini kwenye vumbi, akawa anauliza, mama anamjibu kwa Kyangonde. Kwa heshima yake naandika kwamba hakuona haya.

Mpira ulikuwa umeliwa hadi kubaki kama maganda ya chungwa. Fito moja ilikatika kwenye ndoano, ya pili imepinda. Wanakamati walilijua hilo tangu Aprili. Sasa kwa nini hawakununua?

Hapo ndipo nilipokutana na mhazini mwenzangu.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu. Aliniletea daftari la shule lenye jalada la gazeti. Kila kaya inachangia kwacha 500 kwa mwezi. Majina 63, alama ya vema kwa aliyelipa, duara kwa aliyeahidi. Mwisho wa Februari mfuko ulikuwa na 118,500. Machi kuna mstari mmoja: mahindi, magunia 2 ya kilo 50, 90,000. Ulikuwa mwaka wa El Niño. Mvua ilikatika mapema, Rais wa wakati ule, Chakwera, Machi hiyo hiyo alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28, na bei ya mahindi ikapanda nchi nzima, hata huku penye mpunga. Kijijini kulikuwa na kaya tisa, wajane na wazee, ambazo hazikuwa na kitu. Kamati ilikaa na mfumu, wakakubaliana, mahindi yakanunuliwa. Zikabaki 28,500. Aprili fito ikakatika, na watu wanaotembea dakika arobaini kutafuta maji hawakuona sababu ya kuuchangia mjigo uliokufa.

Nilirudia kuzijumlisha, nikitafuta kosa kwa mazoea ya kazi. Halikuwapo. Akaniuliza kupitia Fundi kama mimi ningeyanunua yale mahindi. Nilisema ndiyo. Akaniuliza kama wazee wa usharika wangu wangekubali. Hapo nilikohoa.

Ijumaa, 16 Agosti. Karonga mjini

Tulikwenda mjini watatu: Fundi, mhazini mwenzangu, mimi. Usafiri ni matola, pikapu inayobeba watu na mbuzi kwa nauli moja. Kaa karibu na kichwa cha gari, nyuma vumbi linakula.

Duka la kwanza la vifaa hawakuwa na fito. La pili walikuwa nazo, wakatuangalia, wakasikia Kiswahili, bei ikapanda. Mwenzangu akatuambia tutoke tukanywe soda. Tuliporudi alikuwa ameshanunua. Nanakili kama yalivyo kwenye risiti: fito mbili 76,000, mpira wa pistoni 6,500, vali mbili 8,000, bushi 12,000. Jumla kwacha 102,500.

Nilifungua pochi kulipa zote. Akanizuia. Fito tulipe sisi, alisema, hivyo vingine mfuko wa mjigo utalipa wenyewe: 26,500. Watabaki na 2,000. Nikamwambia tumekuja kusaidia. Akasema anajua, ila daftari lake lazima lionyeshe kwamba mjigo umetengenezwa na wenye mjigo, la sivyo mwezi ujao hatapata hata mia kwa mtu. Niliandika vile alivyotaka.

Kusubiri matola ijae kulitupa muda wa kuingia makumbusho ya Karonga. Nenda, usipite hivi hivi. Kuna mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa wilaya hii hii, mrefu kuliko daladala. Mwenzangu hakuwahi kuingia. Alimzunguka mara mbili akauliza alikuwa anakunywa maji wapi.

Jumamosi, 17 Agosti. Ndoana ya jirani

Kulibaki jambo moja. Vali ya chini kabisa hutolewa kwa chuma chenye ndoana, unakishusha kisimani unavua kama samaki. Cha kijiji hiki kilikuwa kimeazimwa na kijiji cha pili, nao wakawaazima wa tatu. Mwinjilisti na kijana wa kamera walizunguka na baiskeli tangu asubuhi, wakarudi saa 9 alasiri, wamekipata kwa fundi baiskeli aliyekuwa anatumia kuning'inizia tairi.

Kufunga kulichukua muda mfupi kuliko kukitafuta. Fito tisa, mita tatu kila moja. Mama wa spana alikaza, Fundi akashika taa. Wakaanza kupampu. Mara hamsini, hakuna. Mara mia, hakuna. Mchungaji alikuwa ameanza wimbo, ukafifia. Mama wa spana akaweka sikio kwenye bomba, akasema waendelee, anaisikia inapanda. Halafu mpini ukawa mzito ghafla, pampu ikakohoa, ikatema matope, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji.

Nilitegemea machozi na shangwe. Vigelegele vilikuwapo, kama dakika mbili. Baada ya hapo ndoo zikapangwa, na kabla robo saa haijapita wanawake wawili walikuwa wanagombana nani alitangulia kuweka jiwe lake kwenye foleni. Nikajihisi niko Kimara. Bibi Nesi alisimamia kuweka dawa ya klorini, wakaambiwa maji ya siku ile na ya kesho yake yasinywewe, ni ya kufulia tu.

Jumapili, 18 Agosti. Mzee na Kiswahili

Tulichelewa ibada kwa saa nzima, kwa sababu ile ile niliyoieleza ya kuhesabu saa. Walitungoja wakiimba. Mchungaji alihubiri kwa Kiswahili, Fundi akatafsiri, na naamini Fundi alifupisha.

Baada ya ibada mzee mmoja, kipofu wa jicho moja, aliomba kusema. Alisema alipokuwa mdogo bibi yake alikuwa akisikia Kiswahili anaingia ndani. Watu wa kwanza waliokuja huku wakisema lugha hii walikuwa watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejenga ngome karibu na Karonga miaka ya 1880 na kuwaua Wangonde wengi mwaka 1887. Waingereza walimnyonga Desemba 1895. Mzee alisema bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa ya mkutano. Akamaliza kwa kusema leo ameisikia lugha hiyo kanisani na kisimani, akakaa.

Mchungaji hakuwa na la kujibu. Alikwenda akamshika mkono, wakakaa hivyo, kwaya ikaokoa jahazi. Shuleni nilisoma habari za misafara ya pwani kama biashara: pembe, nguo, shanga. Mwisho wa njia ile, kwenye nyumba ya bibi wa mtu, sikuwahi kupelekwa.

Chakula cha mchana kilikuwa kondowole, ugali wa muhogo, unavutika kama mpira, na usipa, dagaa wa ziwa, wamekaangwa kwa vitunguu vya Ruaha. Sufuria tatu zilitumia vitunguu vile. Akina mama waliuliza vimetoka wapi, na Bibi Nesi alikula siku ile bila kusema neno, akitutazama mmoja mmoja. Kinywaji wanakiita thobwa, ndiyo togwa yetu, nene na tamu.

Jumatatu hadi Jumatano, 19–21 Agosti

Semina ya akina mama niliiongoza mimi, na ilikuwa hovyo. Niliandaa mada ya ujasiriamali kwa mifano ya Dar: vikoba, kuuza vitafunwa ofisini, kutangaza kwenye simu. Walinisikiliza kwa adabu. Walipopewa nafasi waliuliza bei ya mchele Tandale, gunia na kilo, na nani hulipa ushuru wa mpakani. Mbegu wanayoisifu kuliko zote inaitwa Kilombero, jina lile lile la bonde letu la Morogoro, na wanajua kabisa thamani yake. Siku ya pili niliacha makaratasi nikapiga simu kwa shemeji yangu mwenye duka Tandale, nikaweka spika. Hiyo ndiyo iliyokuwa semina.

Mwanakwaya mmoja alipata malaria. Kituo cha afya cha serikali, foleni tangu asubuhi, kipimo na dawa mseto bila malipo. Mwanamke tusiyemjua alimpisha kwenye benchi akalala. Lala ndani ya chandarua, hata kama wenyeji wako wamekupa chenye matundu. Njoo na sindano na uzi.

Wagonjwa tuliowatembelea siandiki habari zao. Tuliomba nao.

Alhamisi na Ijumaa, 22–23 Agosti. Kurudi

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwenye mjigo. Mhazini mwenzangu alikuwa na daftari lake, amekaa kwenye kigogo. Majina 31 tayari yalikuwa na vema za Agosti. Alinipa kilo tano za mchele wa Kilombero, akaniomba niandike kwenye daftari langu kwamba nimepokea. Nimeandika.

Mpakani tuliulizia marobota. Wakala alikuwa amekwenda msibani na funguo. Tukasubiri saa tatu, tukaondoka ili tuwahi basi la usiku Uyole. Njiani hakuna la kusimulia, nililala Kitonga yote. Mbezi saa 3 asubuhi, daladala hadi Kimara 600.

Jumla kwa kila mtu imefika shilingi 386,000, kula, kulala na nauli, bila marobota. Marobota peke yake: basi 50,000, upakiaji 15,000, na ghala linahesabu kwa siku. Wenyeji wanafuatilia kibali. Juzi wakala amenitumia ujumbe, anasema moja limeanza kuingiwa na panya, anauliza tunaamuaje. Nimeupeleka ujumbe kwenye kundi la kamati na hadi naandika hapa hakuna aliyejibu. Risiti ninayo mimi.